Shajara ya mradi: Stesheni ya Forodhani na njia ya Bububu

Januari, wiki ya kwanza

Mradi umeanza. Kazi tuliyojipangia ni kuitafuta na kuiwekea alama njia ya gari la moshi lililokuwa likitoka Mjini hadi Bububu, hapa Unguja, kuanzia 1905, na kuonesha wazi mahali ilipokuwa stesheni yake ya mjini, mbele ya Ngome Kongwe. Tunataka tukimaliza pawe na vibao vya maelezo kando ya njia, ramani ya kukunja ya kutia mfukoni, na mfano wa mbao wa injini na mabehewa yake, uwekwe mahali ambapo watoto wataweza kuusogelea na kuugusa.

Kikundi chetu kina walimu wa skuli, waongozaji watalii, fundi seremala, na mzee mmoja mstaafu aliyesomesha historia hapa mjini. Sote tunamwita Maalim, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Kilichonisukuma ni darasa langu. Wanafunzi wanajua kwamba reli ya Mombasa ilianza kujengwa 1896 na ikafika Kisumu 1901. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wanaijua. Ukiwauliza gari la moshi la kwanza Afrika Mashariki lilipita wapi, wote wanataja bara. Lilipita hapa Unguja, na watoto wa Unguja wana haki ya kulijua.

Januari, wiki ya tatu

Tumeshinda Nyaraka, kule Kilimani, tukipitia ramani na picha. Msaada mkubwa umetoka kwenye kadi za posta za zamani, zile zilizopigwa na akina Gomes na Coutinho, wapiga picha wa Kigoa waliokuwa na maduka yao hapa mjini. Kwenye kadi hizo reli inaonekana ikifuata ukingo wa bahari, mabehewa yako wazi ubavuni, watu wamekaa kwenye mabenchi na wengine wanatazama kutoka kando ya njia.

Maalim ametutaka tuanze nyuma zaidi ya 1905, na ninakubaliana naye. Reli ya Bububu ilikuwa ya pili. Ya kwanza ni ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1879, iliyotoka kwenye jumba lake la mjini hadi kwenye kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu. Baadaye ikaletwa injini ndogo iliyotengenezwa na kiwanda cha Bagnall cha Stafford, Uingereza.

Fikra hiyo aliipata wapi? Jibu la Maalim ni Bombay. Barghash alipelekwa uhamishoni huko baada ya jaribio lake la kumpindua ndugu yake, Seyyid Majid, kushindwa mwaka 1859. Wakati huo gari la moshi lilikuwa limeshaanza kwenda kati ya Bombay na Thane tangu 1853. Hatuna barua yake inayosema aliliona akalitamani, kwa hiyo kwenye kibao hatutaandika hivyo. Tutaandika miaka tu, na msomaji ataona mwenyewe kuwa mtu huyu aliishi katika mji wa reli, na alipopata kiti cha enzi 1870 hakukaa miaka kumi bila kuwa na reli yake.

Kuna jambo jingine katika tarehe hizo lililonigusa sana. Mwaka 1878 Bombay walianza kujenga ile stesheni yao kuu, kazi ya msanifu F. W. Stevens, yenye kuba na minara na wanyama waliochongwa kwenye mawe. Ilikamilika 1888. Mwaka huo huo Barghash alifariki, na reli ya Chukwani ikang'olewa. Stesheni ya Bombay, ambayo leo inaitwa Chhatrapati Shivaji, bado inapokea abiria kila asubuhi, na tangu 2004 imo katika Urithi wa Dunia. Watu wanakwenda kuitazama kutoka kila upande wa dunia, na wanapofika wanakuta watu wa mji wanawahi kazini.

Februari, mwanzoni

Tumeanza kutembea njia yenyewe. Kaskazi bado inavuma, asubuhi ni nzuri kwa kazi ya nje.

Mwanzo wa njia ni hapa penye bustani ya Forodhani. Mapema karne ya 20 Ngome Kongwe ilitumika kuwa bohari ya kazi za reli, ngome ile ile iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno 1698. Mbele yake ndipo treni ilipokuwa ikijipanga. Bustani yenyewe ilitengenezwa 1936, reli ikiwa imeshaondoka, na 2009 ikafunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa. Kila jioni mamia ya watu wanakaa hapo kula mishikaki na kunywa juisi ya miwa juu ya ardhi iliyokuwa na mataruma, na hakuna hata ubao mmoja unaowaambia.

Kutoka hapo tumepita mbele ya Beit al-Ajaib. Jengo hili Barghash alilijenga 1883, na upande wake mmoja pamoja na mnara wa saa ulianguka tarehe 25 Desemba 2020. Tulisimama hapo muda mrefu. Ikiwa jengo kubwa kama lile, ambalo kila mtu alilijua, liliweza kudondoka, basi reli isiyo na jengo inaweza kusahaulika bila hata kishindo. Hii ndiyo hoja ninayoipeleka kwa kila anayetuuliza mradi huu una haraka gani.

Kisha mbele ya jumba la Sultani, kisha Malindi. Hapa njia iliingia katikati ya nyumba. Tumepima upana wa mitaa kwa hatua na kwa futi, na ni wazi kwamba aliyekaa pembeni mwa behewa angeweza kunyoosha mkono akagusa ukuta.

Februari, mwishoni

Nje ya mji njia inakuwa rahisi kusomeka kuliko mjini. Barabara ya Bububu imechukua sehemu kubwa ya mahali ilipopita, lakini kati ya barabara na bahari bado kuna vipande vya tuta na masalia ya madaraja madogo, ukijua unatafuta nini. Vijana wetu wamevipiga picha na kuvitia kwenye ramani.

Nilikuwa nikidhani njia hii ni ya kwenda Bububu tu. Kwa kuitembea nimeona ni njia ya majumba. Marahubi, alilolijenga Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 na likaungua 1899, na sasa zimebaki nguzo na hodhi zake. Mtoni, makazi ya Seyyid Said, alikozaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844. Kibweni. Kisha Beit-el-Ras.

Beit-el-Ras inastahili kibao chake peke yake. Seyyid Said alianza kulijenga 1847, akafariki 1856 kabla halijaisha, na hakuna aliyelimaliza. Ilipokuja reli, mawe ya gofu hilo yakachukuliwa kujengea njia. Yaani abiria wa 1905 alikuwa akipita juu ya kasri la Sultani lililovunjwa. Maalim amesema sentensi hiyo iandikwe kama ilivyo, na tumeiandika.

Bububu tulikaribishwa barazani na bibi mmoja ambaye mama yake alizaliwa wakati treni ikienda. Tulimwamkia, akatuitikia, akaagiza tuletewe maji, kisha akaanza kabla hatujauliza.

"Bibi yangu ndiye aliyekuwa akipanda, wanangu. Kanda la muhogo, mkungu wa ndizi, kuku miguu imefungwa. Anateremka Forodhani, anauza, anarudi na chumvi na kipande cha kanga."

Nikamuuliza kama wageni nao walipanda. "Wapo, wakitoka melini. Lakini wao walikuwa na behewa lao."

Hilo la behewa linakubaliana na yale tuliyosoma. Meli za abiria zilipotia nanga hapa, treni ilikuwa ikifungiwa behewa la daraja la kwanza ili wasafiri wapate kutoka mjini wakaione shamba kwa saa chache kabla meli haijaondoka. Kwa hiyo stesheni ya Forodhani ilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: ilimleta mkulima sokoni, na ilimpeleka mgeni akaione minazi. Injini moja, njia moja, maili 7 hivi, kama kilomita 11.

Machi

Baadhi yetu tumevuka kwenda Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, kuangalia stesheni zinazofanya kazi. Nilitaka vijana wajue stesheni ni kitu gani hasa, kwa sababu wengi wao walikuwa hawajapata kuingia hata moja.

Tulianzia mjini kwenye eneo la Reli ya Kati ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar kwenda Morogoro mwaka 1905, mwaka ule ule wa reli yetu, na wakafika Kigoma 1914. Kisha TAZARA, ukumbi wake mkubwa wenye mwangwi, mwanzo wa safari ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Tukamalizia na stesheni ya SGR, reli mpya ya kisasa, iliyojengwa kwa umbo la jiwe la tanzanaiti, ambayo tangu 2024 watu wanaitumia kwenda Morogoro na Dodoma.

Kule SGR tulikaa tukitazama watu. Familia zilikuwa zinapiga picha mbele ya jengo kabla ya kuingia, na wengine hawakuwa na safari kabisa, walikuja kuona. Kijana wetu mmoja aliandika kwenye daftari lake: wanaokuja kutazama wanakuja kwa sababu kuna wanaosafiri. Nimeyanakili maneno hayo ukurasa wa mbele wa shajara hii, kwa sababu ndiyo msimamo ninaotaka mradi mzima uusimamie.

Machi, baada ya kurudi

Mkutano mrefu, na haukuwa mwepesi. Mfadhili mmoja amejitokeza, ana nia njema, na pendekezo lake ni tujenge stesheni ya mfano pale Forodhani na kitreni cha kuvutwa na trekta kiwazungushe watalii ukingoni mwa bahari. Wenzangu wawili watatu walivutiwa, na nawaelewa, kwa maana fedha ingekuwepo.

Mimi na Maalim tumelipinga. Kwanza, stesheni ile haikuwa na jumba la fahari. Tukijenga la kubuni, baada ya miaka michache kila mtu ataamini lilikuwepo, na tutakuwa tumewafundisha watoto jambo ambalo halikutokea. Pili, Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na eneo lile si la kusimamishwa jengo kwa matakwa ya mtu. Tatu, na hili ndilo nililolisema kwa nguvu, kitreni hicho kingekuwa na behewa la wageni bila ya behewa la yule bibi na kanda lake la muhogo.

Katika mazungumzo hayo New York ilitajwa, na si bila sababu, kwani kampuni iliyopewa kazi ya kujenga reli ya Bububu, Arnold Cheyney, ilikuwa ya mji huo. New York walikuwa na stesheni iliyoitwa Pennsylvania, iliyofunguliwa 1910, kumbi zake kubwa kuliko misikiti yetu yote ya mjini. Walianza kuivunja 1963. Watu waliumia kiasi kwamba 1965 mji ule ukapitisha sheria ya kulinda majengo ya kale, na kwa sheria hiyo stesheni nyingine, Grand Central ya 1913, ikaokolewa hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu 1978. Paris nao walikuwa na Gare d'Orsay ya 1900, treni za mbali zikaacha kufika 1939 kwa kuwa majukwaa yake yalikuwa mafupi, na tangu 1986 ni makumbusho ya sanaa. Wote hao walikuwa na jengo la kugombania. Sisi tuna njia na watu, basi tuhifadhi njia na watu.

Uamuzi: hakuna kitreni. Badala yake mgeni na mwenyeji watapanda daladala namba 502 kwenda Bububu, gari ile ile inayobeba watu wa njia hiyo kila siku, na watarudi kwa miguu sehemu ya njia wakiwa na ramani yetu. Mfadhili amekubali kulipia vibao. Nimefurahi mno.

Aprili

Masika. Kazi ya nje imesimama, kwa hiyo tumehamia karakana kwa fundi.

Fundi wetu alijifunza kazi kwa waunda majahazi wa ufukwe wa Marahubi kabla ya kugeukia samani, na jicho lake ni la ajabu. Hatukuwa na mchoro wa kiwandani. Alichofanya ni kuchukua picha moja ambayo mtu amesimama kando ya behewa, akakadiria kimo cha mtu yule, akapata urefu wa behewa, kimo cha paa na nafasi kati ya benchi na benchi. Magurudumu ameyakereza kwa mti wa mfenesi. Paa amelipinda kwa mvuke, kama wanavyopinda mbao za ubavu wa jahazi.

Palizuka swali la behewa lipi litangulie. Fundi alipenda lile la daraja la kwanza kwa kuwa lina urembo wa kuonesha ufundi wake. Nilimuomba aanze na la kawaida, la mabenchi matupu, na alipolimaliza alinambia limemtaabisha kuliko alivyodhani, maana behewa lisilo na urembo halina pa kuficha kiungo kibovu. Limetoka safi sana. Binti yangu ameshona kimkoba kidogo cha ukili na kukiweka juu ya benchi.

Mei

Maneno ya vibao. Tumekubaliana Kiswahili kitangulie na kwa herufi kubwa, lugha nyingine chini yake. Kibao cha kwanza, cha Forodhani, baada ya kukatwa na Maalim mara nyingi, sasa kinasomeka hivi:

"Hapa ndipo palipokuwa stesheni. Kuanzia 1905 gari la moshi liliondoka mahali hapa likipita mbele ya jumba la Sultani na ndani ya mitaa ya Malindi hadi Bububu. Lilibeba wakulima, wachuuzi na mizigo yao, na wasafiri wa meli waliotaka kuiona shamba. Serikali ililinunua 1911. Abiria waliacha kulipanda 1922, baada ya magari kuzidi barabarani, na reli ikabaki kusomba mawe ya kujazia bandari. Ukitaka kwenda Bububu leo, panda 502."

Sentensi ya mwisho ni yangu na nimeitetea. Kibao kinachozungumza na aliyekufa tu hakimsaidii aliyesimama mbele yake na nauli mkononi.

Kuhusu vibao vyenyewe: bati limekataliwa, chumvi ya bahari inalila upesi. Havitapigiliwa kwenye ukuta wowote wa kale. Vitasimama kwa miguu yao, juu ya misingi ya kuondoleka, ili Mamlaka ya Mji Mkongwe ikitaka visogezwe visiache kovu. Maombi ya kibali tumeyapeleka pamoja na michoro.

Juni

Kusi imeingia, ardhi imekauka. Leo tumefanya safari ya majaribio na wanafunzi. Konda wa 502 alipojua tunafanya nini aliwatangazia abiria wote, na kuanzia Kibweni hadi Bububu gari zima lilikuwa linasimulia. Mzee mmoja alisema babu yake alifanya kazi ya kushindilia kokoto kwenye reli. Tumechukua namba yake ya simu, atatembelewa.

Kutembea kurudi kumetufunza mambo ya kurekebisha kwenye ramani. Barabara ina magari mengi na pembeni hapana pa kukanyaga, kwa hiyo kuanzia Beit-el-Ras tunampitisha mtembezi chini ufukweni. Hilo linataka maji yawe yamekupwa. Siku za bamvua maji yakijaa hakuna pa kupita. Ramani itakuwa na maelezo ya kumwambia msomaji aulize wavuvi saa za maji kabla ya kuondoka, na itaishia Mtoni, ambako atapanda gari hadi Mjini. Watoto wadogo wasipelekwe mbali zaidi ya hapo kwa jua hili.

Wanafunzi walitulia zaidi kwenye masalia ya daraja moja dogo kuliko kwenye nguzo za Marahubi. Waliingia chini yake, wakahesabu mawe, wakataka kujua kama mawe hayo yalitoka Beit-el-Ras. Hatukuweza kuwathibitishia kwa jiwe moja moja, lakini swali hilo sasa ni kazi ya klabu yao ya historia.

Juni, mwishoni

Hali ilivyo: behewa la kawaida na la daraja la kwanza yamekamilika, injini imebaki bomba la moshi na rangi. Ramani iko kwa mchapaji, toleo la Kiswahili kwanza. Kibali cha Forodhani na Malindi bado tunakisubiri. Kibao cha Bububu kitatangulia, kwa kuwa wenyeji wametupa nafasi karibu na kituo cha daladala na wao wenyewe watachimba msingi Jumamosi ijayo baada ya sala ya alasiri. Mwenye picha, tiketi, kipande cha reli au habari aliyoachiwa na wazee wake kuhusu gari la Bububu au la Chukwani aje siku hiyo. Tutapiga picha ya kitu na mwenye kitu ataondoka nacho.